Aliyenikanda Miguu

Niliendesha baiskeli ya mizigo kwa miaka kumi na moja, kati ya Sumbawanga na bonde la Rukwa. Nilikuwa nateremsha chumvi, sabuni na sukari, napandisha samaki wakavu na mchele. Watu wakiniuliza habari za miaka ile huwa nawasimulia ukungu wa asubuhi, malori yaliyotuachia vumbi, na namna tulivyokuwa tunashuka mteremko mkali wa Lyamba lya Mfipa tukiwa tumefunga tawi la mti nyuma ya baiskeli ili liburuze chini na kusaidia breki. Wanacheka, wanataka na nyingine. Habari ya misuli siwasimulii, kwa sababu ndani yake yumo shangazi yangu.

Baba alikuwa mpima mizani kwenye ghala la ushirika. Kazi ile ilikuwa na heshima yake. Wakulima walipanga foleni na magunia ya mahindi, na baba, akiwa na shati lake la kaki lililopigwa pasi, alisogeza kile kijiwe cha mizani taratibu, kama padri anayegusa vyombo vya altare. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaanza kufika vijijini na malori yao na mizani yao, wakinunua shambani kwa mtu. Ushirika ukalegea, ukafa. Siku moja ghala likafungwa kwa kufuli, na walinzi wenyewe hawakujua ufunguo amebaki nao nani. Baba akarudi nyumbani kwetu Izia, akakaa. Aliendelea kuvaa lile shati mpaka kola ikachanika.

Shangazi, dada yake mkubwa, alikuwa akiishi nasi tangu alipofiwa na mume. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na shamba lake Mollo, alilopewa na babu akiwa hai, na alililima kwa mikono yake mwenyewe. Kila mwaka alifukia majani kwenye matuta makubwa ya duara kama Wafipa wanavyofanya tangu zamani, na mwaka uliofuata akavuna ulezi ambao majirani walikuja kuutazama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiye na maneno mengi. Akisema jambo amelisema.

Baada ya ghala kufungwa, ulezi wake ndio uliotulisha. Na niliposema nataka baiskeli, ni ulezi huohuo uliouzwa. Siku nilipoileta nyumbani, baiskeli mpya ya Kichina, nyeusi, karatasi bado zimezungushiwa kwenye fremu, shangazi aliizunguka akaitazama mbele na nyuma. Akasema mbele ya watu wote:

"Baiskeli ni nzuri. Ila miguu si chuma, mwanangu. Ukiilazimisha, itakukataa siku moja katikati ya njia."

Wote tuliitikia kwamba amesema kweli. Lilikuwa neno la mtu mzima kumwonya kijana, basi. Sikujua kwamba neno linaweza kuhifadhiwa, likakaa miaka, halafu likatolewa likiwa na maana nyingine kabisa.

Barabarani nilikuwa na mwenzangu, mtu wa Mollo, aliyenizidi miaka kama kumi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi: namna ya kufunga gunia lisiegemee upande mmoja, mahali pa kushuka na kusukuma, mahali pa kupanda tena. Alinifundisha pia sheria zake. Ya kwanza ilikuwa maji.

"Maji yanalegeza miguu," aliniambia. "Mwanamume anakunywa akifika."

Ya pili ilikuwa kwamba usile kitu kizito kabla ya safari. Ya tatu ilihusu kiti. Yeye alikuwa amekipandisha kiti chake juu kabisa, na mimi nikapandisha changu, kwa sababu aliyeketi juu alionekana dereva hasa, na aliyeketi chini alionekana mtu anayekwenda kisimani.

Kwa mwaka wa kwanza mwili ulivumilia. Mwaka wa pili, kwenye kiangazi kikali, tulikuwa tunapandisha samaki kutoka bondeni. Bonde la Rukwa lina joto ambalo sisi watu wa juu hatukulizoea. Unatoka Sumbawanga umevaa sweta, ukifika chini shati limelowa kama umetumbukia mtoni. Tulikuwa tumeanza tu kupanda nilipohisi kitu kinacheza chini ya ngozi ya kigimbi cha kulia, kama mdudu anatafuta njia. Nikakidharau. Hatua chache baadaye nyama yote ya nyuma ya mguu ikajikusanya ikawa ngumi. Nikapiga kelele. Baiskeli ikanilalia, gunia la samaki likaenda chini, na mimi nikabaki nimeushika mguu kwa mikono miwili nikiukunja, na kila nikiukunja ndivyo maumivu yalivyozidi.

Mwenzangu alinipiga piga kwa kiatu chake kwenye kigimbi. Ndiyo dawa aliyoijua. Baada ya muda msuli ukaachia, nikasimama, tukaendelea. Kabla hatujafika juu ulinikamata mara mbili tena.

Nilifika Izia alasiri ya kesho yake, nikichechemea. Shangazi alikuwa uani anapepeta maharage. Aliniangalia ninavyoshuka kwenye baiskeli, akaweka ungo chini.

"Kaa hapo. Nyosha mguu."

Alichemsha maji, akaloweka kitambaa, akakilaza kwenye kigimbi mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kisha akapaka mafuta ya nyonyo viganjani, akaanza kukanda, akitokea kwenye kisigino kupanda juu, kidole gumba kikitangulia. Alipohisi msuli unataka kukaza tena, aliunyosha mguu wangu, akashika vidole vyangu vya mguu na kuvisukuma kuelekea kwangu. Msuli ulilia ndani kisha ukatulia. Sijui alijifunza wapi. Alikuwa na mikono migumu ya jembe, lakini ilijua mahali pa kulegea.

Ikawa ndiyo desturi. Kila nikirudi kutoka bondeni, naketi uani, yeye ananikanda. Majirani walipita wakitusalimu. Mama alituletea chai. Shangazi alikuwa akiniuliza habari za njia, nani nimemwona, mchele wa mwaka huu ukoje, na mimi najibu macho yamefumba. Nikisema leo kwamba nilikuwa na mama wawili, sisemi kwa kupamba.

Lakini maumivu hayakwisha. Yaliongezeka. Yalitoka kigimbi kimoja yakaenda cha pili, yakapanda kwenye mapaja. Wanunuzi waliokuwa wananipa mizigo wakaanza kulalamika kwamba nachelewa. Wengine wakampa mwenzangu peke yake. Hapo ndipo siku moja, tukiwa tumepumzika juu ya Lyamba, yeye amekaa juu ya gunia, aliponiambia:

"Mimi na wewe njia moja, mzigo mmoja. Mbona mimi sikamatwi?"

"Wewe umezoea."

"Miaka miwili hujazoea?" Akatema mate pembeni. "Huo si ugonjwa, mdogo wangu. Kuna mtu amekufunga."

Ningeweza kumcheka. Sikucheka, kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kunipitia kichwani, nami nililiacha lipite kama mtu anayejifanya hakuona mgeni. Kwetu mtu haumwi bure. Na mwaka ule nyumba yetu ilikuwa na mengi ya kuuliza: kazi ya baba imekwenda wapi, kwa nini ng'ombe wetu wawili walikufa, kwa nini sisi tunarudi nyuma wakati waliokuwa nyuma yetu wananunua mabati. Hakuna aliyeweza kumshika soko huria mkono na kumuuliza. Mtu wa karibu anashikika.

Mwenzangu alinipeleka kwa mganga, mwendo wa nusu siku. Mganga hakuniuliza nakula nini wala nakunywa nini. Alinichanja chale kwenye vigimbi vyote viwili, akasugua unga mweusi, akatikisa kibuyu chake. Kisha akasema:

"Mkono unaokufunga ni mkono unaokugusa."

Hakutaja jina. Waganga wa aina ile hawataji. Wanakuachia wewe utaje. Nilirudi nyumbani nikiwa nayarudia maneno yale kwa kila mzunguko wa pedali, na nilipofika niliyatua mbele ya baba kama mzigo ulionichosha. Baba alimtuma mtu akamwite baba mdogo.

Tulikutana Jumapili baada ya misa. Tulikuwa wanne sebuleni: baba, baba mdogo, mama na mimi. Baba mdogo alikuwa bado na rozari shingoni. Yeye ndiye aliyeongoza mazungumzo, kama alivyopenda kuongoza kila jambo.

"Mganga amesema mkono unaokugusa," alisema. "Sasa tuambie. Miguu yako nani anaigusa?"

Mama aliingilia. "Kila mtu anajua anakandwa na wifi. Anamkanda kwa sababu mtoto anaumwa."

"Sijakuuliza wewe, shemeji. Namuuliza mwenye miguu."

Nje tulisikia sauti ya ungo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Sikuwa mtoto wa kuburuzwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimekwisha kutembea, nimekwisha kuona watu wa kila kabila kule bondeni. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema mkono wa mwenzangu nao umenigusa, maana kiatu chake kilikuwa kinanipiga kila safari. Nikasema:

"Shangazi."

Neno moja tu. Baada ya hapo wengine walijua la kuongeza. Baba mdogo alikumbusha siku ya baiskeli: si alisema miguu itakukataa katikati ya njia? Alisema mbele yetu wote! Baba akakumbuka kwamba hata alipoajiriwa ghalani dada yake alimwambia kazi ya serikali na ya ushirika ni ya kupita. Wakauliza kwa nini ulezi wake unastawi miaka ambayo wetu unanyauka. Kila jema alilotufanyia likageuzwa upande wa pili na kukutwa na doa.

Wakamwita. Alisimama mlangoni, hakuingia, vumbi la maharage limemjaa kwenye mikono. Baba mdogo akamweleza. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha hakumjibu yeye, wala hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

"Na wewe unasema hivyo?"

"Mganga amesema, shangazi."

"Sijamuuliza mganga."

Nikatazama chini, kwenye chale zangu ambazo zilikuwa bado hazijakauka. Alisubiri. Alinipa muda mrefu wa kutosha mtu kusema neno, hilo siwezi kumlaumu. Alipoona siinui uso, aligeuka akaenda zake kumalizia maharage.

Kesho yake asubuhi alifunga kanga mbili, sufuria na jembe lake. Alikuwa na ndugu wa marehemu mume wake kule Kaoze, bondeni, akasema anakwenda kwao. Ni mwendo wa siku tatu kwa miguu kwa mtu wa umri wake. Baiskeli yangu ilikuwa imeegemea ukuta, magurudumu yamejaa upepo. Sikuigusa. Mama alimsindikiza mpaka mwisho wa nyumba za Izia, akarudi akilia, na baba akamkemea kwa kulia.

Mvua ziliponyesha, baba mdogo alipanda mahindi kwenye shamba la Mollo. Hakungoja hata msimu mmoja upite.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya kwa namna ambayo sikuitegemea: nilipona. Masika yakapita, ikaja ile baridi yetu ya Juni na Julai, asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe, na hata bondeni joto lilikuwa limepungua. Nilipanda Lyamba bila jasho la kutosha hata kulowesha kola. Misuli ikatulia. Kila nikirudi salama baba alikuwa ananitazama miguu, kisha anamtazama mama, kama mtu aliyeshinda kesi. Majirani walisema waziwazi: mnaona? Na mimi niliona. Najua ilivyo rahisi kuamini, kwa sababu niliamini kwa furaha. Nikiwa juu ya baiskeli, upepo wa baridi usoni, nilijiambia kwamba nilifanya sawa.

Oktoba joto likarudi, na maumivu yakarudi nalo.

Siku yenyewe tulikuwa ndiyo kwanza tunaanza kupanda kutoka bondeni na samaki. Kuanzia asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Ulianza mguu wa kushoto, kigimbi. Kabla sijashuka, paja la kulia likakaza nalo. Miguu yote miwili ikawa si yangu. Nilianguka na baiskeli, mzigo ukaniangukia bega, nikasikia mfupa unalia. Nililala kwenye changarawe nikiwa nimejikunja, vidole vya mikono navyo vimeanza kukunjana, na jua limesimama juu yangu.

Mwenzangu alishuka. Alinitazama, akatazama juu mlimani.

"Lori la mnunuzi linaondoka leo," alisema. "Nikikaa hapa tutakosa wote."

"Usiniache."

"Nitamwambia mtu." Akasukuma baiskeli yake, akaenda. Halafu, kama mtu anayetoa pole, akageuka akasema: "Kumbe hata akiwa mbali anakufikia!"

Aliyeniokota ni mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa anapita na mkokoteni wa ng'ombe. Hakuniuliza ukoo wangu. Alinipakia pamoja na baiskeli na samaki, akanirudisha mpaka zahanati ya kijiji cha jirani.

Pale palikuwa na muuguzi, mama wa makamo, mwenyeji wa mbali kwa jinsi alivyotamka maneno. Alilifunga bega kwanza. Kisha msuli ukanikamata tena mbele yake. Aliushika mguu, akaunyosha, akashika vidole akavisukuma kuelekea kwangu, kidole gumba kikipanda kutoka kisiginoni. Alifanya vilevile. Nilianza kulia, naye akadhani ni maumivu.

"Leo umekunywa maji mara ngapi?" aliuliza.

"Sijanywa. Tunakunywa tukifika."

"Mnafika wapi? Kaburini?" Aliniletea kikombe, ndani yake maji, chumvi kidogo na sukari. "Kunywa polepole. Hilo shati lako lina michoro myeupe mgongoni. Unajua ni nini?"

"Jasho."

"Ni chumvi. Jasho limekauka, chumvi imebaki kwenye shati badala ya kubaki mwilini. Umetoka baridini, unakuja kwenye joto hili, unafanya kazi ya punda, huli, hunywi. Misuli itaacha kukaza?" Akaniuliza nilikuwa nimeteremsha mzigo gani nilipokuja.

Nikamwambia: chumvi.

Hakucheka. Nadhani alikuwa ameona mengi. Alitoka akaiangalia baiskeli iliyoegemea mlangoni, akarudi.

"Na kile kiti nani amekipandisha vile? Unakanyaga pedali kwa ncha za vidole, kama mtu anayechungulia dirishani. Kishushe vidole viwili. Na ukisikia msuli unaanza kucheza, usishindane nao. Shuka, unyooshe mguu, subiri."

Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama inawezekana mtu akamfunga mwingine miguu. Alikuwa anaandika kwenye daftari lake. Alisema bila kuinua kichwa, "Wewe umejifunga mwenyewe, mwanangu." Kwake ilikuwa sentensi ya kumaliza kazi, mgonjwa mwingine anangoja. Mimi nimekaa nayo zaidi ya miaka thelathini.

Bega lilipopona nilirudi barabarani peke yangu. Nilishusha kiti. Nilifunga dumu la maji kwenye fremu, nikawa nanywa kila nilipopumzika, kiu iwepo isiwepo. Kabla ya kuondoka nilikula uji mzito wa ulezi uliotiwa chumvi. Kwenye joto nilikwenda taratibu. Misuli ilinikamata mara moja moja, kama inavyomkamata mtu yeyote, na nilijua la kufanya. Novemba na joto lake, mpaka mvua zikaanza. Nilikuwa mzima.

Nikaenda kwa baba. Nilimweleza yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilimwonyesha kiti kilivyoshuka. Alinisikiliza akichezea kifungo cha shati lake.

"Kwa hiyo umepona," alisema.

"Nimepona kwa sababu ya maji na chumvi, baba."

"Umepona kwa sababu aliondoka."

"Lakini Oktoba nilianguka, na yeye hayupo!"

"Alikuwa bado anakutafuta. Sasa amechoka."

Nilijaribu tena mbele ya baba mdogo. Yeye alisema muuguzi amenipa dawa ya kizungu kwa sababu kamba ilikuwa imeshalegezwa na mganga. Nilijaribu kwa mwenzangu wa zamani, akasema kila mtu na siri ya baiskeli yake. Hakuna kitu nilichoweza kuwaambia ambacho hakikuwa na jibu. Nikiumwa, ni yeye. Nikipona, ni kwa sababu yeye hayupo. Mama peke yake ndiye aliyeniamini, na mama hakuwa na kauli katika nyumba ile. Aliniambia jambo moja tu: "Nenda ukamwombe msamaha kabla hajafa."

Nilikwenda Kaoze. Nilimkuta pembeni ya jaruba la mpunga, ameinama, anapandikiza. Alikuwa amekonda na macho yamekuwa ya njano. Joto lile halikuwa la mtu aliyezaliwa juu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakuinuka.

Nilisimama ukingoni na baiskeli yangu, nikamweleza. Nilimweleza habari ya jasho, ya chumvi, ya kiti, ya muuguzi aliyenikanda. Nilisema haraka haraka, kama mwanafunzi anayejua jibu. Nilipomaliza alijinyoosha, akashika kiuno.

"Umekuja mpaka huku kuniambia kwamba mimi si mchawi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mimi nilikuwa najua." Alifuta tope mikononi kwenye kanga. "Umewaambia wao?"

"Nimewaambia."

"Wanasemaje?"

Alingoja kama alivyongoja mlangoni siku ile, na safari hii pia sikuwa na kitu cha kumpa.

"Nisamehe, shangazi," nilisema mwishowe. "Panda nyuma nikurudishe nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Shamba langu nani analima?" Alijua. Habari huteremka haraka kuliko mizigo. "Wewe ungeniambia siku ile sebuleni, ningekuwa na nyumba. Leo unaniambia mimi peke yangu, tope limenijaa miguuni. Nifanye nini na maneno yako?"

Kisha akainama, akaendelea kupandikiza. Niliacha kilo mbili za sukari na kipande cha sabuni kwa mwenye nyumba aliyemhifadhi. Nilipopita tena mwezi uliofuata nikakuta kile kipande cha sabuni kimewekwa dirishani, hakijafunguliwa. Nilipita mara nne kwa jumla. Alinisalimia mara zote nne. Zaidi ya salamu hakunipa kitu, na sikuwa na haki ya kudai.

Alikufa kwa homa mvua kubwa zilipokata njia. Habari zilitufikia akiwa amekwisha kuzikwa. Baba alisema "Basi," akaomba aletewe maji ya kunawa kwa sababu chakula kilikuwa mezani. Hakuna matanga yaliyowekwa Izia. Niliuza baiskeli miaka saba baadaye, si kwa ajili yake, nisijisifu, ila malori yalikuwa yameanza kushuka bondeni yenyewe na kazi ya watu kama mimi ilikuwa imekwisha. Baba naye alikufa, baba mdogo pia. Shamba la Mollo sasa ni la watoto wa baba mdogo. Nimewaambia lilikuwa la nani. Wanasema ya wazee tuwaachie wazee.

Mwaka ule aliokufa, njia ilipokauka, nilikwenda Kaoze. Mwenye nyumba niliyemzoea alikuwa safarini; nilimkuta mwanamke kijana aliyeolewa katika ukoo ule wa mume wa shangazi, mchangamfu, mtoto mgongoni. Alinipeleka kwenye kaburi nyuma ya majaruba. Lilikuwa tuta la udongo tu, maji yameshaanza kulila upande mmoja. Nilipiga magoti nikalirudishia udongo kwa mikono. Yule mwanamke alinitazama, akaniuliza kwa upole:

"Samahani kaka, wewe ni nani kwake?"

"Mtoto wa mdogo wake wa kiume."

Alishangaa. Akamsogeza mtoto mgongoni.

"Bibi hakuwahi kutuambia kama ana ndugu."